Harusi za Jioni Butembo na Beni: Lenzi, Mwanga na Uso wa Bibi Harusi

Mpiga picha anayeanza kazi za harusi Butembo au Beni kwa kawaida ana kamera moja, mara nyingi ya mtumba iliyopitia Kampala na mpaka wa Kasindi, pamoja na lenzi ya boksi iliyokuja nayo: zumu ya 18-55. Mchana, nje ya kanisa, vifaa hivyo vinamtosha. Taabu huanza maharusi wanapoingia ukumbini. Picha zinatoka nyeusi, au nyuso zinavutika kwa mtikisiko, au flashi iliyo juu ya kamera inawamwagia maharusi mwanga mkali na kuuacha ukumbi nyuma yao ukiwa giza tupu. Familia imelipia mapambo, keki, muziki na sare za wasindikizaji, halafu albamu ikifunguliwa hakuna hata kimoja kinachoonekana.

Wengi huamini dawa ni kununua kamera mpya. Ushauri wangu ni tofauti. Pesa ya kwanza iende kwenye lenzi moja yenye tundu pana, ya pili kwenye flashi inayoweza kuwekwa mbali na kamera, na kamera yenyewe isubiri. Kamera ya miaka kumi iliyopita yenye lenzi nzuri, mikononi mwa mtu anayejua mwanga unatoka wapi, itaipita kamera mpya yenye lenzi ya boksi. Na kabla ya pesa yoyote kutoka mfukoni, kuna jambo la bure: saa.

Butembo iko karibu sana na mstari wa ikweta, na Beni iko kaskazini yake, mwendo wa kilometa hamsini na kitu kwa barabara ya taifa namba 2. Jua letu halina mabadiliko makubwa: mwaka mzima linazama kati ya saa 11:50 na saa 12:20 jioni hivi, na mwangaza wa machweo haukai hata nusu saa. Ibada ikichelewa, pongezi zikirefuka na msafara ukazunguka mji kwa honi, maharusi wanafika ukumbini giza limeshaingia. Kwa hiyo ongea na familia na mkuu wa protokoli siku kadhaa kabla, mkubaliane kwamba kati ya saa 10:30 na saa 11:30 jioni maharusi watakuwa nawe kwa nusu saa, bila wajomba, bila simu. Picha za ukutani zipigwe hapo. Butembo, juu ya vilima vyake vya mita 1,700 na zaidi, mawingu ya alasiri yanasambaza mwanga laini usiotia kivuli machoni, usiyaonee uchungu. Saa sita mchana ndiyo ya kuogopa, jua likiwa utosini na macho ya watu yakizama kwenye vivuli.

Lenzi ya kununua kwanza

Tazama maandishi kwenye mdomo wa lenzi yako. Kama yanasema 18-55mm 1:3.5-5.6, maana yake ukivuta zumu hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 inapitisha karibu mara kumi ya mwanga huo. Tuseme uko kanisani jioni, na lenzi ya boksi inakudai ISO 16000 ili upige kwa kasi ya 1/125. Ukiweka 50mm na kufungua tundu lote, ISO 1600 inatosha kwa kasi ileile. Kamera nyingi za zamani zinaweza 1600 bila shida, lakini 16000 zinaharibu picha kabisa. Hakuna kifaa kingine kitakachokupa faida hiyo kwa bei hiyo.

Kwa mwenye Canon ya DSLR, EF 50mm f/1.8 STM iliyotoka mwaka 2015 ndiyo ya kuanza nayo. Ikiwa mpya iliuzwa kwa chini ya dola 150 za Marekani, na ya mtumba hushuka zaidi. Zipo pia za Yongnuo kutoka China, za bei ndogo kuliko hiyo, ambazo fokasi yake ni ya polepole na yenye kelele lakini picha zake zinakubalika. Kwa mwenye Nikon, kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Kamera ndogo za Nikon, zile za D3000 hadi D3500 na D5000 hadi D5600, hazina mota ya fokasi ndani yake. Ukinunua 50mm ya zamani yenye alama AF-D, itafunga vizuri kwenye kamera lakini fokasi utaizungusha kwa mkono usiku kucha. Tafuta iliyoandikwa AF-S.

Sensa ndogo za kamera hizo hukaza picha: 50mm kwenye Canon ya bei ya chini inaona kama 80mm. Kwa sura, pete na machozi ya mama, hiyo ni zawadi. Kwa chumba ambamo bibi harusi anavalishwa, mara nyingi kidogo chenye dada sita na mashangazi wawili, ni balaa, utajikuta mgongo umegota ukutani. Ndiyo maana lenzi ya pili kwa maoni yangu iwe pana: 35mm f/1.8 ya Nikon, au ile bapa ya Canon, EF-S 24mm f/2.8, ambayo ni nyembamba na inaingia hata mfukoni. Ile 85mm f/1.8 ije baadaye, kazi zikishakuwa za uhakika. Na zumu nzito ya 70-200 f/2.8 ambayo kila mtu anaiota? Inasaidia katika kanisa kubwa ambako huruhusiwi kusogea altareni. Ni ghali na inachosha mkono. Kodi kwa mwenzako siku unayoihitaji.

Ukinunua ya mtumba, usiharakishwe na muuzaji. Toa vifuniko vyote viwili, fungua tundu lote, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukichungulia mbele, ukiinamisha lenzi taratibu. Vumbi kidogo lisikutishe, halionekani kwenye picha. Kinachotafutwa ni nyuzinyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati: hiyo ni kuvu, inayopenda unyevu wa miji yetu na mikoba iliyofungwa miezi, na inaweza kuhamia kwenye lenzi nyingine ulizonazo. Mikwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni mibaya kuliko ya kioo cha mbele. Halafu ifunge kwenye kamera yako, si ya muuzaji, upige bango lenye maandishi madogo ukiwa umefungua tundu lote, ukuze picha kwenye kioo na usome herufi. Zikiwa na ukungu kila unapojaribu, rudisha.

Mtikisiko ni mbaya kuliko chembechembe

Anayeanza huogopa ISO kubwa kwa sababu ya zile chembechembe zinazojitokeza kwenye sehemu za giza. Kwa hiyo anaiacha ISO 400, kamera inashusha shata hadi 1/20, na kila anayetembea anageuka wingu. Hesabu hiyo imepinduliwa. Chembechembe unazoziona ukikuza picha kwenye kompyuta hupungua sana picha ikichapishwa kwa ukubwa wa albamu, sentimita 13 kwa 18. Uso uliotikisika hautengenezeki popote.

Weka kasi kwanza. Kwa watu waliosimama mbele ya padri au pasta, 1/125. Kwa maharusi wanaoingia kwa mwendo wa taratibu, 1/160 au 1/200. Kwa dansi, 1/250 ukiweza. Kisha fungua tundu, kisha iache ISO ipande inakotaka, hadi 3200, hadi 6400 kama kamera inahimili. Kamera nyingi zinakuruhusu kuweka ISO ya kujipandisha yenyewe na kuipa kasi ya chini kabisa isiyopaswa kuvukwa. Soma kitabu cha kamera yako uitafute, maana itakupa nafasi ya kutazama watu badala ya kutazama namba. Na piga kwa RAW, si JPEG peke yake. Faili ya RAW inakupa nafasi ya kurekebisha rangi na kuinua giza kidogo, na usiku utaihitaji nafasi hiyo.

Tundu pana lina gharama yake. Ukiwa na 50mm kwenye sensa ndogo, umesimama mita mbili kutoka kwa mtu, ukafungua f/1.8, sehemu iliyo wazi kwenye picha ina kina cha sentimita kumi na moja hivi. Kwa mtu mmoja inatosha. Kwa maharusi wawili, bwana akiwa hatua nyuma ya bibi, mmoja atakuwa wazi na mwingine ukungu. Wapange mabega yalingane mbele ya kamera, au funga hadi f/2.8. Picha ya ukoo mzima, safu tatu na watoto mbele, usijaribu bila flashi: inataka f/5.6, na fokasi iwekwe kwenye safu ya mbele au ya kati, kamwe isiwe ya nyuma.

Fokasi yenyewe hupotea gizani, hasa ikielekezwa kwenye suti nyeusi. Tumia nukta moja ya katikati, ambayo katika kamera nyingi za zamani ndiyo yenye nguvu, uiweke mahali penye mpaka wa giza na mweupe ulio umbali mmoja na jicho: ukosi wa shati, ukingo wa shela, hereni. Shikilia, rekebisha fremu bila kuegemea mbele wala nyuma, piga.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni mistari ya giza inayokata picha, au picha tatu mfululizo zenye rangi tofauti ilhali hukugusa kitu. Hiyo ni taa, si kamera. Umeme wetu ni wa herzi 50, na taa nyingi za mirija na za LED za bei ndogo hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Ukishusha shata hadi 1/100 au 1/50, mistari hupungua au huisha, kwa kuwa kila picha inakusanya mpepeso mzima. Kwenye 1/250 itarudi. Zima shata ya kimya ya kielektroniki, ndiyo inayoonyesha mistari hiyo vibaya zaidi. Ukumbi ukiendeshwa kwa jenereta iliyochoka, mpigo wa umeme wenyewe unayumba, na hapo njia ya uhakika ni kuleta mwanga wako.

Ngozi yetu na kipimo cha kamera

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo harusi nyingi zinapoharibikia.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinachotazama. Kinadhani kila kitu mbele yake kikichanganywa kitakuwa kijivu cha wastani. Bibi harusi akijaza fremu kwa gauni jeupe, kipimo kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, na uso wake unazama. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akisimama mbele ya pazia jeusi, kipimo kinaongeza mwanga hadi uso unapauka kama umepakwa majivu. Wote wawili wametoka nyumba moja, wana rangi moja, na kwenye albamu wanaonekana watu wa makabila mawili.

Tatizo hili lina historia ndefu. Kwa miongo mingi, maabara za picha zilipanga rangi zao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na filamu zenyewe zilipangwa kupendeza ngozi hiyo. Watafiti wa historia hiyo wanasimulia kwamba msukumo mmoja wa kurekebisha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitoki sawa kwenye matangazo. Jean-Luc Godard, mwongozaji filamu, alipoitwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu ya upendeleo huo wa ngozi nyeupe. Sensa za leo ni bora mno, lakini kipimo bado ni kilekile cha kijivu, na anayekiamini bila kufikiri anarithi kosa lile.

Mbele ya kosa hilo, Wakongo hawakuwa wa kusubiri. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufia Kinshasa mwaka 1997, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa sababu moja: alitaka picha za harusi yake mwenyewe. Baadaye akawa mpiga picha wa usiku wa Kinshasa, wa baa na dansi na vijana waliovaa vizuri, akipiga kwa flashi na filamu nyeusi na nyeupe. Zitafute picha zake. Angalia jinsi ngozi inavyong'aa, jinsi shavu na paji la uso vinavyobeba mwanga. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao, kwa hiyo mwanga ukitoka pembeni, tena mpana, uso unajichora wenyewe. Mwanga unaotoka mbele moja kwa moja, ulio mdogo na mkali, unaacha madoa meupe ya jasho puani na kwenye paji, na sehemu nyingine inabaki bapa. Bibi harusi awe na poda na kitambaa karibu, dada yake amkumbushe.

Utaratibu wenyewe ni huu. Weka kamera kwenye upimaji wa nukta, elekeza nukta kwenye shavu lenye mwanga, soma kipimo. Kwa ngozi ya maji ya kunde, punguza kidogo tu chini ya kinachopendekezwa. Kwa ngozi nyeusi zaidi, punguza hadi nusu ya mwanga huo, yaani hatua moja. Ukifuata kipimo kama kilivyo, ngozi itapauka na kupoteza rangi yake. Piga picha moja, angalia kama nakshi za gauni bado zinaonekana. Ukiridhika, funga namba hizo kwa mkono na usiziguse mpaka mwanga ubadilike. Maharusi wakihama kutoka viti vyao vya heshima kwenda kwenye keki, pima tena.

Rangi nayo. Ukumbini kuna taa nyeupe za mirija, balbu za manjano, na taa za jukwaani za bluu na zambarau zinazozunguka. Taa za bluu na zambarau ni adui wa uso: hubaki rangi moja tu na hakuna programu itakayoirudisha ngozi. Ongea na fundi wa taa kabla, kwa heshima, umwombe wakati wa kuvishana pete, kukata keki na kucheza dansi ya kwanza aache taa nyeupe au za manjano usoni na azipeleke rangi kwenye ukuta wa nyuma. Wengi hukubali wakielezwa, kwani wao pia wanataka kazi yao ionekane nzuri. Akikataa, badilisha picha hizo ziwe nyeusi na nyeupe, zitapona.

Tahadhari ileile inahusu turubai. Sherehe za mahari, siku mbuzi wanapohesabiwa na wazee wanapozungumza, mara nyingi hufanyika uani chini ya turubai la bluu au la kijani, na jua likipenya hapo kila uso unapata rangi ya turubai. Wapange wazungumzaji wakuu ukingoni, pale mwanga wa nje unapoingia kutoka pembeni. Ukiombwa ushauri kabla, sema: turubai jeupe.

Flashi: iondoe juu ya kamera

Kanuni moja ya mwanga inafaa ikaririwe moyoni: taa ikisogezwa hadi nusu ya umbali wake, mwanga unaomfikia mtu unakuwa mara nne. Ikirudishwa mbali mara mbili, inabaki robo. Ndiyo maana flashi ya mbele inachoma maharusi walio karibu na kuwaacha wageni wa nyuma gizani.

Njia ya kwanza ni kuigeuza flashi iangalie dari, mwanga ukirudi chini ukiwa mpana na laini. Inahitaji dari iwe nyeupe na isiwe juu sana. Kumbi nyingi za Butembo zina plafo, yaani dari, la triplex. Likipakwa rangi nyeupe, umepata bahati. Likiachwa na rangi ya mbao, mwanga unarudi wa machungwa. Na pale ambapo hakuna plafo, mabati tu juu na mbao za paa, mwanga unapotelea huko na betri zinakwisha bure. Tafuta basi ukuta mweupe ulio pembeni au nyuma yako, uugeukie huo. Usipopatikana, msaidizi ashike shuka jeupe lililokunjuliwa mita moja hivi pembeni ya maharusi, flashi ipige shuka. Ni njia ya bei ndogo kabisa, na matokeo yake yanashinda vifaa vingi vya dukani.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kuitoa flashi kwenye kamera na kuiweka juu ya stendi, juu kidogo ya vichwa na pembeni, ikiwashwa kwa redio ndogo. Flashi za mkono kama Godox TT600, yenye redio ndani na inayotumia betri nne za kawaida za AA, zinafanya kazi hiyo. Triga yake, yaani kifaa kinachoiwasha kwa redio, inakaa juu ya kamera. Nunua betri za kuchaji, seti mbili au tatu, na usichanganye mpya na za zamani. Stendi iwekwe kwenye kona ambayo watoto na wachezaji hawapiti, ifungwe chupa ya maji au mfuko wa mchanga miguuni, kwa kuwa dansi ya jioni haiangalii stendi.

Usiiache flashi ifanye kazi peke yake. Ukiweka kamera ISO 1600, f/2.8 na shata 1/60, mwanga wa ukumbi nao unaingia kwenye picha: mapambo, taa za meza, nyuso za wageni. Flashi inagandisha uso kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, ukumbi unabaki na uhai wake. Kuwa mwangalifu tu usipite 1/200, maana kamera nyingi zikizidi hapo na flashi ya kawaida, utepe mweusi unakata picha. Karatasi ndogo ya plastiki ya rangi ya machungwa mbele ya flashi inaifanya ilingane na balbu za manjano, ili bibi harusi asitoke wa bluu katika ukumbi wa dhahabu.

Halafu kuna kameramani wa video na taa yake. Harusi zetu hazimkosi. Wapo wapiga picha wanaogombana naye usiku mzima, na nadhani wanakosea. Taa yake inawaka muda wote, inaonyesha vivuli vyake kabla hujapiga. Simama pembeni yake, si nyuma yake, ili taa yake iwe mwanga wa ubavuni kwako. Kubalianeni ishara. Naye muombe apunguze nguvu inapokaribia mno uso. Video yake nayo itapendeza.

Kanisani bila flashi

Mapadri wengi hukataza flashi wakati wa mageuzo, na wachungaji wengi hawaitaki wakati wa maombi. Nenda ukamsalimie kiongozi wa ibada kabla, umuulize mwisho wa ruhusa yako uko wapi, na ukae ndani ya mpaka huo. Hapo ndipo f/1.8 inarudisha gharama yake yote. Tafuta madirisha. Katika kanisa lenye madirisha upande mmoja, simama ili mwanga huo uwaguse maharusi mashavuni kutoka pembeni. Ukiyaweka madirisha nyuma yao watakuwa vivuli. Weka kamera kwenye shata ya kimya ya kimakenika kama inayo, zima mlio wa fokasi, zima ile taa ndogo ya msaada wa fokasi inayomulika machoni pa watu. Egemea nguzo au benchi, bana viwiko mbavuni, toa pumzi, piga picha mbili tatu mfululizo. Ya katikati mara nyingi ndiyo iliyotulia.

Wapenzi wa sinema hukumbuka kwamba Stanley Kubrick alipiga matukio ya mishumaa ya Barry Lyndon, filamu ya 1975, kwa lenzi ya Zeiss ya 50mm yenye f/0.7, iliyotengenezwa kwa ajili ya NASA. Hatuna lenzi hiyo. Lakini sensa za leo zinapokea mwanga vizuri kuliko filamu yake, na mshumaa wa maharusi ukishikwa kiwango cha kifua, karibu na uso, kwa 50mm f/1.8 na ISO 3200, unatoa picha ambayo taa yoyote ungeongeza ungeiharibu.

Usalama, betri na nakala

Tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, na hata kabla yake, amri za kutotembea usiku zimekuwa zikiwekwa Beni na Butembo kwa nyakati mbalimbali. Jua saa ya amri iliyopo wiki ya harusi, uandike kwenye mkataba kwamba unaondoka kabla yake, na panga na mwendesha pikipiki unayemfahamu. Kama sherehe ni lazima iende usiku wote, familia ikupe mahali pa kulala. Kamera ibaki ndani ya begi barabarani, na usiielekeze kwa askari, vizuizi wala majengo ya ulinzi, hata kwa kujaribu mwanga. Ukiombwa ufungue begi, fungua taratibu, useme unatoka harusini, na uwe na kadi ya mwaliko ya harusi hiyo mfukoni.

Begi lenyewe liwe na sponji ya kutosha. Barabara zetu na pikipiki hulegeza skrubu za lenzi. Ndani yake weka kitambaa safi, pakiti za kunyonya unyevu, na mfuko wa plastiki wa mvua. Chaji kila kitu asubuhi, umeme ukiwepo, usisubiri jenereta ya ukumbi. Kadi mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa: badilisha kadi baada ya kanisa, ile ya kwanza iingie mfuko wa ndani wa koti lako.

Nyumbani, kabla ya kula, nakili picha mahali pawili. Mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni yamezifukuza familia nyingi kutoka Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vya jirani, na wengi waliondoka na nguo walizovaa. Albamu haibebwi na mtu anayekimbia. Kwa hiyo mbali na albamu, wape maharusi picha zao kwenye kifaa cha USB, na ushauri kwamba nakala nyingine iende kwa ndugu aliye mbali, Goma, Kampala au kokote. Ukiwatumia kwa WhatsApp, zitume kama hati, si kama picha, kwa kuwa programu hiyo huzibana picha na kuzipunguzia ubora, na zikishabanwa haziwezi kuchapishwa kubwa tena. Chagua kwanza ishirini zilizo bora, zitume ndani ya siku mbili tatu, albamu ifuate. Faili zako za RAW usizifute mwaka huo. Mtu wa familia akikujia baadaye akitafuta sura moja ya bibi aliyekaa safu ya tatu, ndani ya kivuli, utaweza kumuinulia mwanga na kumpa.